Jiwe la Agosti

Ndugu yangu mdogo alinipigia simu Jumatatu moja adhuhuri, akiwa ndani ya duka la pete mjini Kisii, akaniuliza alizaliwa mwezi gani. Nilidhani ananitania. Mtu mzima ana kitambulisho mfukoni, na kwenye kitambulisho kuna tarehe.

"Kitambulisho kinasema Agosti," akaniambia. "Lakini mama alikuwa akicheka kila nikisema Agosti. Sasa huyu muuzaji amenitolea orodha, kila mwezi na jiwe lake, na mchumba wangu anataka pete ya mawe mawili, lake na langu. Dada, mimi sitaki kuanza ndoa na jiwe la mtu mwingine."

Nilimwomba anipe nusu saa, nikasema niko darasani. Mimi ni mwalimu, lakini sikuwa darasani. Nilikuwa nyumbani kwangu Ikonge, upande wa Nyamira, na shule zilikuwa zimefungwa, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Baba alitangulia zamani, mama tumemzika juzijuzi tu, kwa hiyo mtu aliyebaki wa kulijibu swali hilo ni mimi peke yangu. Shida ni kwamba mwezi aliozaliwa Nyakundi umefungwa pamoja na jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu, na katika jambo hilo mimi sionekani vizuri.

Tulikulia upande wa Nyamache, mlimani, chai mbele ya nyumba na migomba nyuma. Mama alikuwa na wateja wake wa ndizi mbivu mjini, na mteja wake mkubwa alikuwa Mama Salim, mke wa sonara. Baba yake Mama Salim alikuwa mtu wa pwani aliyekuja Kisii kufanya biashara akaoa hapa hapa, kwa hiyo yeye alizungumza Kiswahili kitamu kama cha redioni, kisha akigombana na wachukuzi wa mizigo anageukia Ekegusii chetu bila kukosea hata tusi moja. Kila Alhamisi ya likizo nilimfuata mama na kikapu changu kidogo. Mama alipitia mlango wa nyuma, na mimi nikaachwa dukani nimngoje.

Wenzangu mliolelewa nyumba za Wasabato mtanielewa nikisema kwamba kuachwa kwenye duka la mapambo kulikuwa sawa na kuachwa kwenye kilabu cha pombe. Kwetu hakukuwa na hereni wala bangili wala mkufu. Masikio yangu hayajatobolewa hadi leo. Wazazi wangu walifunga ndoa bila pete na waliishi vizuri kuliko wengi waliovishana. Kwa hiyo mama alinipa maagizo ya kuangalia sakafu, nami niliiangalia sakafu hiyo kwa muda wa kutosha kumwona anaingia ndani, halafu nikainua kichwa.

Baba Salim alikaa kwenye kona na lenzi amelibana jichoni, akipuliza moto mwembamba juu ya pete za watu. Duka lilinuka udi na chuma cha moto. Ukutani, juu ya kabati la vioo, palikuwa na karatasi kubwa iliyoanza kuwa ya manjano, yenye mawe kumi na mawili yaliyochorwa, na chini ya kila jiwe jina la mwezi. Januari lilikuwa jekundu lililokolea kama damu ya kuku. Aprili almasi. Juni haikuwa jiwe bali lulu, na hilo lilinikera, nikaona watu wa Juni wamepunjwa. Mama Salim aliyaandikia majina pembeni kwa kalamu ya wino, majina ya Kiswahili na ya Kiarabu alivyoyajua, na kando ya jiwe la kijani la Agosti aliandika zabarajadi.

Jina hilo nililijua. Darasa letu la Sabato lilikuwa limefundishwa habari za kuhani mkuu wa kale, ambaye alivaa kifuani mawe kumi na mawili, matatu matatu katika safu nne, na mwalimu alitukaririsha majina yote hadi tukayaimba tukichuma chai. Zabarajadi lilikuwa mojawapo. Nilisimama pale na kinywa wazi. Jiwe la Maandiko lilikuwa limetundikwa kwenye duka la dhambi.

"Unaangalia nini, Kemunto?" Mama Salim aliniuliza aliporudi na kikapu kitupu.

Nikamwambia kuhani alivaa mawe hayo. Nilitarajia ashangae. Hakushangaa.

"Ndiko yalikotoka," akasema. "Watu wa zamani waliyachukua yale mawe kumi na mawili ya kuhani, wakayagawa kwa miezi kumi na miwili. Mwanzoni tajiri alikuwa nayo yote sandukuni, anavaa moja mwezi mzima, mwezi ukiisha anabadilisha. Maskini apate wapi kumi na mawili? Ndipo wakasema, basi kila mtu ashike moja, la mwezi aliozaliwa."

"Na linafanya nini?"

"Wanasema kila moja na kazi yake. Hili la zambarau humzuia mlevi asilewe. Feruzi humshika mtu asianguke akipanda farasi. Akiki," akamwonyesha mumewe, ambaye alikuwa nayo kidoleni, "hiyo sisi tunaivaa kwa heshima ya Mtume." Akaelekeza kidole kwenye la kijani. "Hili la Agosti wanasema hufukuza kinachokuja usiku."

Baba Salim aliongea bila kuinua kichwa. "Mwambie na ukweli mwingine. Hiyo orodha walikaa wafanyabiashara wakaipanga. Nchi nyingine wana orodha yao, na mwezi huo huo una jiwe lingine."

"Mtoto hajauliza habari za wafanyabiashara," akasema mkewe.

Baadaye, ukubwani, nimesoma na nimejua kwamba wote wawili walikuwa sahihi, na yeye mzee alikuwa sahihi zaidi. Lakini siku ile masikio yangu yalikuwa yamenasa kwenye neno moja tu, usiku.

Baada yangu mama alikuwa amezaa watoto wawili na wote wawili hawakukaa. Mmoja aliishi wiki tatu, mwingine siku sita. Wanawake waliokuja kutuliwaza walikaa jikoni na kunong'ona, na mnong'ono wao nilioushika ni kwamba watoto walichukuliwa usiku. Mtu mzima akisikia hivyo anaelewa. Mimi nilielewa kwamba kulikuwa na mchukuaji, anakuja giza likiingia, na anajua njia ya kwetu. Na sasa mama alikuwa mjamzito tena.

Kwetu mimba haihesabiwi kwa sauti, na mtoto ambaye hajafika hapangiwi siku. Nilimuuliza mama mara moja tu, tukiwa kwenye chai, huyu atakuja lini. "Wakati wa makambi," akasema, akaendelea kuchuma. Sikuuliza tena kwa sababu nilikuwa nimepata nilichotaka. Makambi ni lile juma la ibada ambapo mtaa mzima wa makanisa huhamia chini ya turubai, na ya kwetu yalikuwa likizo ya Agosti, mwaka hadi mwaka. Ilivyokuwa ni kwamba mama alitaja makambi kama mtu anavyotaja mavuno ya wimbi, yaani huko huko, kabla kidogo au baada. Mimi nilimtia mtoto kwenye mwezi wa Agosti nikafunga mlango.

Alhamisi iliyofuata nilimwomba Mama Salim jiwe la kijani.

"La nani?"

"La mtu wa Agosti."

Aliniangalia, kisha akaangalia mlango wa nyuma, ambako mama alikuwa ameinama akipanga ndizi, mkono mmoja kiunoni. Hakuuliza swali la pili. Akafungua kopo la mawe yaliyong'oka kwenye pete za watu, akachakura kwa kucha, akatoa kitu cha kijani kisichozidi punje ya hindi.

"Hiki ni kioo, mwanangu. Sikudanganyi. Na hata kingekuwa zabarajadi ya kweli, anayelinda ni Mungu. Mimi ni muuzaji tu."

Nikasema asante. Kwa hesabu yangu kioo cha Agosti kilikuwa cha Agosti.

Nilikishona kwenye pindo la gauni la mama la Sabato, gauni la rangi ya maziwa, kwa sindano ya magunia na uzi mnene mweupe, mishono mirefu kama ya mtu anayefunga mdomo wa kiroba. Nilichagua gauni hilo kwa sababu mbili. Halikufuliwa mara kwa mara, na siku zote lilitundikwa kwenye msumari juu ya kichwa cha kitanda chake. Huyo wa usiku akija, angelikuta jiwe liko juu ya mama linamngoja. Nilijiona mtoto mwenye akili nyingi sana.

Mama alikuwa shemasi. Ushemasi wake niutaje vizuri, maana ndio ulioumia. Yeye ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana, kila robo ya mwaka, kwenye kikaango ambacho hakikupikiwa kitu kingine. Alijifungia jikoni, akachekecha unga mara tatu, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea naye hadi mkate utoke. Nadhani hakuna kazi duniani aliyoipenda kama hiyo. Akina mama wengine walisema mkate wake haukuvunjika vibaya hata siku moja, na yeye aliangalia pembeni, lakini alisikia.

Kabla ya Meza, kanisani kwetu watu huoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, kila mtu amwoshe mwenzake. Mwisho wa robo ya pili, mwezi wa Juni, wanawake waliingia kwenye darasa la watoto na mabeseni yao, nasi wasichana tukapita na majagi ya maji ya uvuguvugu. Mama alikaa kwenye benchi, tumbo limeshakuwa kubwa. Aliyepiga magoti mbele yake alikuwa Mama Bosibori, mkuu wa mashemasi, mwanamke mwenye haki kamili na asiye na mzaha kabisa. Akavuta pindo la gauni pembeni lisilowe. Vidole vyake vikasimama.

"Mama Kemunto, umeshonea nini hapa?"

"Wapi?" mama akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Mama Bosibori alibinya, akavuta, na uzi wangu mnene, ambao haukuwa na fundo la maana, ukaachia. Kile kioo kilidondoka ndani ya beseni. Kwenye beseni jeupe lenye maji safi kilionekana kizuri kuliko kilivyowahi kuonekana, kijani kabisa, na wanawake wa mabenchi ya karibu wakaacha kuimba.

"Ni hirizi?" Mama Bosibori aliuliza kwa sauti ya chini.

Mliokulia kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Pete ingekuwa kosa la kiburi, unakemewa unaivua, yanakwisha. Hirizi ni habari nyingine. Mtu akishikwa na hirizi, watu huanza kukumbuka ng'ombe wao waliokufa na watoto wao waliougua, na kumbukumbu hizo huishia pabaya.

Mama aliitazama ile mishono iliyofumuka. Alikuwa mshonaji mzuri, pindo zake huwezi kuuona uzi, na mishono ile iliweza kuwa ya mtu mmoja tu. Akainua macho, akanitazama nikiwa nimesimama na jagi. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na nafasi ndefu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea. Nilichopaswa kusema ni maneno matatu. Nilikaa kimya.

"Ni kangu," mama akasema. "Ni kioo tu." Akainama kwa shida, akakitoa beseni kwa mkono wake mwenyewe, akafumba kiganja. "Niosheni miguu, maji yanapoa."

Mama Bosibori alimwosha. Sijui wengine wangefanya nini, lakini yeye alimwosha miguu yote miwili, akamfuta vidole kimoja kimoja, kisha akaenda kumwita mzee wa kanisa.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mtoni, mimi na mama na magokoro, mama mzaa baba. Mama alitembea muda mrefu kabla hajaniuliza, na aliuliza swali moja tu. "Kalikuwa ka kazi gani?"

Nikamwambia. Ni jiwe la Agosti la Mama Salim, ili huyu wasimchukue usiku.

Akasimama. Alishika kiuno, akapumua. "Nani alikuambia wale wengine walichukuliwa?"

"Akina mama."

"Hawakuchukuliwa, omwana one, mwanangu. Walikufa. Wa kwanza aliuawa na homa. Wa pili sijui, na daktari hakujua." Alisema hivyo kama mtu anayerekebisha hesabu ya mwanafunzi. "Kioo hakijui mwezi wala hakijui usiku. Nimekitupa chooni pale kanisani. Yameisha."

"Nitawaambia ni mimi."

"Hutasema. Ukisema ni wewe, watasema mimi ndiye nilikutuma, halafu tutakuwa wawili."

Nilifurahi. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nililia, ndiyo, lakini ndani ya kile kilio nilikuwa nimefurahi kwamba nimekatazwa.

Jioni ile magokoro alikaa mlangoni kwake, akanyoosha miguu, akanionyesha juu ya vifundo, mahali ambapo ngozi ilikuwa imebonyea na kung'aa, pande zote mbili. Nilikuwa nimeiona miguu ile tangu nizaliwe na nilidhani miguu ya wazee huwa hivyo. "Hapa palikuwa na ebitinge," akasema. Hizo ni pete za chuma ambazo bibi harusi wa zamani alivishwa miguuni, na akazivaa maisha yake yote ya ndoa. Alipotaka kubatizwa aliambiwa azivue. Fundi akazikata kwa tupa. "Miguu ikawa nyepesi, nikawa najikwaa njiani kama ndama. Mwaka mzima." Nikamuuliza ziko wapi. Akasema, "Ziko." Nilingoja aendelee, lakini akaniambia nikafungie kuku.

Baraza la kanisa lilikaa Jumapili. Wazee watatu walikuja nyumbani, wakanywa uji, wakamuuliza mama kitu kile kilitoka wapi na kwa nini. Mama alirudia kwamba ni kioo, ni chake, na ameshakitupa. Baba alikaa ameshika kofia. Sikumwona akimuuliza mama chochote, siku hiyo wala baadaye. Wazee walikuwa watu wema na hawakutaka makubwa. Wakaamua mama apumzike kazi ya ushemasi hadi mwaka uishe. Mama Bosibori ndiye aliyekuja kuchukua kikaango cha mkate. Mama alikuwa amekisugua hadi kinang'aa, akamkabidhi kwa mikono miwili, na msumari kilipotundikwa ukabaki mtupu jikoni. Wanawake wawili waliokuwa wakikatiza uani kwetu kwenda kisimani waliacha kukatiza.

Halafu ikaja Agosti. Nilikuwa nimelipoteza jiwe, nimempotezea mama kazi yake, na sasa nilingoja kuona kama nimempoteza na mtoto. Makambi yakaanza. Mama alikaa nyuma kabisa ya turubai, karibu na kamba, na mimi sikusikia hubiri hata moja kwa kulitazama tumbo lake. Makambi yakaisha. Mwezi wenyewe ukaisha, na mtoto hakuja. Kila asubuhi niliamka nikaenda kumtazama mama kabla sijanawa uso. Nilikuwa nimeamini kwamba mtoto amefika kwenye mlango wa mwezi wake, amekuta hakuna jiwe, amegeuka.

Nyakundi alizaliwa Septemba, Jumanne, shule zikiwa zimefunguliwa. Nilitolewa darasani nikaambiwa nina ndugu. Alikuwa mdogo, mwenye kelele, na kichwa kirefu ambacho nashukuru kilijirekebisha. Wiki tatu zikapita, zile alizoishi wa kwanza. Sikulala vizuri siku hata moja katika hizo. Nilipomuuliza mama huyu sasa ni wa jiwe gani maana hakuja Agosti, alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu Juni. "Amekuja bila jiwe, kama sisi wote." Baba alikwenda kumwandikisha baada ya miezi mingi, karani akamuuliza tarehe, naye akajibu alivyolisikia jambo hilo likisemwa nyumbani, wakati wa makambi. Karani akaandika Agosti. Ndiyo habari yote ya kitambulisho.

Mama alipopata nguvu alirudi kupeleka ndizi, mtoto mgongoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliniambia nimngoje nje barabarani. Nilisimama juani na kikapu, na nikamsikia Mama Salim ndani akimkaribisha. "Mama Salim, habari ya siku mingi," mama alisema kwa kile Kiswahili chake. "Mimi nakuja na ndizi, na pia nakuja na neno ingine." Mlango ukafungwa. Nilijua neno lenyewe: alikuwa anamwambia asinipe tena vitu. Nikaona nimestahili.

Mwaka uliofuata kikaango kilirudi kwenye msumari wake. Watu walisahau, au walikubali kusahau, na Mama Bosibori alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Lakini tangu Juni ile mama hakuoshana miguu tena na mtu yeyote isipokuwa magokoro. Nilidhani amemchukia Mama Bosibori kimoyomoyo, na nilimsamehe kwa hilo kwa sababu kosa lilikuwa langu. Magokoro alipofariki, mimi nilikuwa nimeshabatizwa, na mama akanichagua mimi. Miaka yote hiyo nilipiga magoti mbele yake mwisho wa kila robo, hata baada ya kuolewa huku Nyamira nilifunga safari nikaenda. Kila mara, kabla sijagusa maji, alikunja pindo la gauni mwenyewe, akalikusanya magotini na kulishika kwa mikono yote miwili. "Usinilowanishe," alisema.

Nimeyakumbuka haya yote nikiwa nimekaa na simu mapajani, na nilipofika hapo kwenye mikono yake miwili juu ya magoti, nikarudi nikaitazama tena. Maji ya kuoshana miguu hayafiki hata kina cha kiganja kimoja. Hakuna mtu amewahi kulowana.

Tulipogawana nguo za mama, mimi nilichukua gauni lake la mwisho la Sabato, la buluu, lipo kabatini kwangu na sijalivaa. Nikalitoa, nikalilaza kitandani, nikapitisha vidole kwenye pindo taratibu, kama alivyofanya Mama Bosibori. Upande wa nyuma, karibu na mshono, vidole vyangu navyo vikasimama.

Nilifumua kwa wembe. Ilinichukua muda, mishono ya mama ni midogo na haitaki kuachia. Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi ya maziwa kilichokunjwa mara nne, kimechakaa, na kwenye ukingo wake yapo matundu makubwa ya sindano ya magunia. Kilikuwa kimehamishwa kutoka gauni hadi gauni, sijui magauni mangapi. Nilikikunjua. Kile kioo changu cha kijani kilikuwamo, kimekwaruzika. Na pembeni yake kulikuwa na kingine, cha buluu, kidogo vile vile, ambacho sikuwa nimekiona maishani. Sikuwa na haja ya orodha ya mtu yeyote. Ile karatasi ya manjano naiona hadi leo, na la buluu lilikuwa chini kidogo ya la kijani, yakuti samawi, Septemba.

Nililia, na safari hii hapakuwa na furaha iliyojificha ndani yake, au kama ilikuwepo ilikuwa ya namna nyingine. Alikuwa ameniambia kioo hakijui mwezi. Nadhani aliamini hivyo kabisa. Na bado alirudi mjini na mtoto mgongoni akanisimamisha juani, ili akatafute lile la mwezi wa kweli.

Simu ikalia. Nusu saa ilikuwa imepita zamani.

"Dada, huyu muuzaji anataka kufunga aende kula," Nyakundi akasema. "Ni Agosti ama si Agosti?"

"Ni Septemba," nikamwambia. "Lakini usinunue jiwe. Njoo Ikonge kwanza. Lako lilishanunuliwa."